Tanga kwa Upepo, Darubini kwa Hewa

Wanangu na wajukuu zangu wa Kilwa, Lindi na vijiji vyote vya pwani yetu,

Majuzi baada ya sala ya Isha walinijia barazani vijana watatu wa kidato cha nne. Wakaniamkia, nikaitikia, wakaketi. Mmoja alikuwa amekumbatia boksi refu. Walikuwa wamechangishana fedha kwa miezi kadhaa, wakaagiza darubini kutoka Dar es Salaam, na sasa nyuso zao zilikuwa zimesawijika. "Babu," alisema mkubwa wao, "tumeibiwa. Hapa wameandika inakuza mara 525. Tumeielekeza kwenye Mshtarii, hatukuona kitu ila doa jeupe linalochezacheza."

Nikaichukua ile darubini, nikaigeuzageuza kwenye mwanga wa taa. Lenzi ya mbele safi, bomba limenyooka, skurubu zote zipo. Darubini ilikuwa nzima. Kilichowaponza ni ile namba ya kwenye boksi, na wao kuiamini. Usiku ule niliwaeleza machache. Mengine nimeona niyaandike, yawafikie na wenzao, maana umri wangu umekwenda, na elimu ya kutazama mbingu ni amana: aliyekabidhiwa hana budi kuikabidhi.

Neno langu ni moja, na yote yatakayofuata ni maelezo yake. Tanga hupandishwa kwa upepo uliopo, na nguvu ya darubini huchaguliwa kwa hewa ya usiku huo. Boksi halijui hewa ya Kilwa. Wewe unaweza kuijua.

Tuanze na hesabu, kwani ni nyepesi. Kila darubini ina lenzi kubwa ya mbele, au kioo kilichobonyea kwa zile za vioo, kisha ina lenzi ndogo unayoiwekea jicho. Kila moja ina urefu wake wa fokasi, nao huandikwa ubavuni kwa milimita. Gawa urefu wa ile kubwa kwa urefu wa ile ya jicho, utajua darubini inakuza mara ngapi. Darubini ya vijana wale ina urefu wa fokasi wa milimita 700. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 20 inakuza mara 35. Kwa ya milimita 12.5, mara 56. Kwa ya milimita 4, mara 175. Ndani ya boksi mlikuwa pia na lenzi ya Barlow, ile ya kuongezea, inayozidisha mara tatu. Mara 175 zikizidishwa kwa tatu, hiyo ndiyo 525 yao. Hesabu haina kosa. Lakini hata nahodha anayejua kasi ya chombo chake barabara atapanda mwamba kama hajui kina cha maji.

Kina chenyewe ni hiki. Lenzi ile ya mbele ina kipenyo cha milimita 60. Mwanga unaoingia humo ni uleule, ukuze mara 35 au mara 525. Ukipanda kutoka 35 hadi 525 umekuza mara 15 zaidi kwa upana na mara 15 kwa urefu, na mwanga uleule sasa umetandazwa kwenye eneo kubwa mara 225. Chukua kijiko kimoja cha samli ukipake chapati moja, utaisikia samli mdomoni. Kipake chapati 225, hakuna atakayejua kama samli ilikuwepo. Tena mwanga wenyewe ni mawimbi, na kwa sababu hiyo lenzi ndogo ina mpaka wa kutenganisha vitu vilivyo karibu. Ukishauvuka mpaka huo, unachokuza ni ukungu.

Watazamaji wazoefu wana kipimo wanachokubaliana. Hata usiku ulio mtulivu kuliko wote, usizidi mara mbili ya kipenyo cha lenzi kwa milimita. Darubini ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120. Ya milimita 100, mara 200. Ya milimita 150, mara 300. Na hapo ni ukomo, hapafikiki kila siku. Kwa usiku wa kawaida, chukua namba ya kipenyo chenyewe: milimita 60, mara 60, milimita 100, mara 100. Usiku hewa imechafuka, shuka hadi nusu yake. Mkilikumbuka hili moja tu, tayari mmeshampita aliyechapa lile boksi.

Wala msiione mara 35 kuwa ni haba. Januari 1610 Galileo Galilei aliona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza takriban mara 20, na elimu ya ulimwengu haikurudi tena ilikotoka. Lenzi dhaifu kuliko zote katika boksi la vijana wale inakuza zaidi ya hiyo. Na Mshtarii inapokuwa karibu nasi, mara 40 zinatosha kuifanya ionekane jichoni kwa ukubwa uleule wa mwezi mpevu unaouona kwa macho matupu. Unayesema umeona kidogo, jiulize kwanza ulitazama kwa muda gani.

Sasa tuje kwenye hewa, ambayo ndiyo mwenye nyumba.

Ninyi mmekulia ufukweni. Mnajua asubuhi bahari imelala, ukiinama ubavuni mwa ngalawa unaona chini mpaka makombe na majani ya bahari. Upepo ukiyapapasa maji kidogo tu, kila kitu kinavunjika vipande vipande, ilhali kombe liko palepale na jicho ni lilelile. Nasi tunaishi chini ya bahari ya hewa kama samaki. Mwanga wa Mshtarii husafiri zaidi ya nusu saa katika anga tupu bila kuguswa na kitu, kisha katika kilomita chache za mwisho unaingia kwenye hewa ya moto na ya baridi zinazochanganyikana, kila moja ikiupinda kwa namna yake. Ndiyo maana nyota humetameta. Darubini inapoikuza sayari, huukuza na mtikisiko huo, haibagui.

Marehemu baba yangu hakuwahi kushika darubini. Alikuwa nahodha. Kabla ya kung'oa nanga alfajiri alitoka nje, akasimama kimya, akatazama utosini. Nyota za juu kabisa zikitetemeka, alisema, "Huko juu kuna upepo," na tanga dogo liliwekwa tayari. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachowarithisha. Usitazame nyota za chini karibu na bahari, kwani hizo humetameta karibu kila siku. Tazama za utosini. Zikitulia kama taa ya chumbani, leo panda hadi mwisho wa darubini yako. Zikimeta kwa mbali, baki katika namba ya kipenyo. Zikichezacheza na kubadili rangi, weka lenzi dhaifu, tazama miezi ya Mshtarii inavyojipanga, kisha kalale bila kinyongo. Kesho ipo.

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo nalisema kwa mkazo. Usiku ulio angavu si lazima uwe usiku uliotulia. Mvua ikishapita, mbingu zikaoshwa, nyota zikawaka kama zimemwagwa, mara nyingi hewa ya juu ina msukosuko na Zohali haitulii hata kidogo. Lakini usiku wa utusitusi, pengine na moshi wa mashamba yanayochomwa huko bara mwezi wa Septemba na Oktoba, unaweza kuwa mtulivu ajabu. Sayari zina mwanga wa kutosha, utusitusi hauzidhuru. Wala taa za mji hazizidhuru: kijana wa Lindi mjini anaweza kutazama Mshtarii akiwa karibu na taa ya barabarani na akaona sawasawa na wa kisiwani Songosongo. Kwa hiyo usiihukumu hewa kwa wingi wa nyota. Ihukumu kwa utulivu wake.

Lakini si kila mtikisiko unatoka juu angani. Mwingine tunautengeneza wenyewe, na hapa lazima niwasimulie jambo ambalo limenikaa moyoni miaka mingi.

Nilikuwa mwalimu kijana Kilwa Kivinje. Niliazima darubini ya kioo ya milimita 114, nikawaita wanafunzi wangu usiku, kama arobaini hivi. Kusi ilikuwa inavuma, ikiitikisa miguu ya darubini, nikaona nijibanze nyuma ya kiambaza cha jengo la kale la mawe na chokaa. Darubini yenyewe nilikuwa nimeitoa muda uleule chumbani, chini ya bati lililopigwa na jua tangu asubuhi. Nikaweka lenzi kali kuliko zote, maana nilitaka watoto waone makubwa. Wakapanga mstari. Kila mmoja aliinama, akatazama sekunde chache, akampisha mwenzake. Binti mmoja mdogo aliinuka akaniambia, "Mwalimu, nimeona maji yanachemka." Nikamwambia hajui kutazama. Akaondoka kimya.

Yule binti ndiye aliyekuwa anajua kutazama. Jiwe la matumbawe lilikuwa limelinywa jua kutwa nzima, na usiku linalitapika. Nilikuwa nimeielekeza darubini juu ya jiko. Ndani ya bomba nako hewa ya moto ya chumbani ilikuwa bado inazunguka. Watoto walipokwisha kwenda nyumbani, niliibeba hadi kwenye mchanga, karibu na jahazi lililopandishwa pwani, upande usiopata upepo. Nikaweka lenzi dhaifu, nikangoja. Bomba likapoa. Baada ya kama nusu saa Mshtarii ilitulia, duara kamili, mikanda miwili ya kahawia imepita katikati kama mistari ya kikoi, na miezi minne pembeni. Niliona peke yangu. Wale arobaini walikuwa wamelala, wakiamini kwamba sayari ni maji yanayochemka.

Chukueni mafunzo hapo. Darubini itolewe nje nusu saa kabla, na ikiwa ni kubwa ya kioo, saa nzima. Usitazame juu ya paa la bati, wala barabara ya lami, wala kiambaza cha mawe kilichopigwa na jua. Mchanga wenyewe hupoa upesi, na maji ya bahari hayabadiliki joto kwa haraka, kwa hiyo hewa inayokuja juu ya maji huwa laini kuliko inayopita juu ya mji. Ukihitaji kujikinga na upepo, ua wa makuti au ubavu wa chombo cha mbao ni bora kuliko ukuta wa jiwe. Funga mfuko wa mchanga katikati ya miguu ya darubini, utakuwa nanga yake. Keti kwenye kigoda. Anayetazama ameinama na shingo inamuuma haoni hata nusu ya kilichopo. Na mtoto akikwambia anaona maji yanachemka, mwamini.

Kuna jingine ambalo Mungu ametujalia nalo na wengi hatulijui. Kilwa iko nyuzi 9 kusini ya ikweta, Lindi nyuzi 10. Sayari hupita katika njia ileile ya jua, na kwetu njia hiyo inapita juu ya vichwa. Mwaka 2019 Mshtarii ilikuwa kusini sana. Mtu wa London, hata ilipofika juu kabisa, aliiona kwenye nyuzi 16 hivi kutoka upeoni, nyuma ya paa za majirani. Kwetu ilipanda zaidi ya nyuzi 75. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu ukitazama utosini unapenya unene mmoja wa hewa. Kwenye nyuzi 30 unapenya unene wa mara mbili. Kwenye nyuzi 15, karibu mara nne. Sayari ikiwa imefika juu, kwetu haipungui nusu ya njia ya kutoka upeoni hadi utosini, mwaka wowote. Wazungu wenye darubini za bei kubwa wangetamani anga hili lililo juu ya vibanda vyetu.

Basi msiitupe neema hiyo kwa haraka. Sayari ikichomoza baharini saa mbili usiku, usiikimbilie. Ingoje mpaka saa tano, ipande, na ardhi ipoe. Isipokuwa pale ambapo mbingu zenyewe hazikupi muda. Tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilikaribiana mpaka nafasi kati yao ikawa kama sehemu ya tano ya upana wa mwezi. Giza lilipoingia zilikuwa tayari chini ya nyuzi 20 upande wa magharibi, juu ya nchi kavu iliyopata joto mchana kutwa. Usiku kama huo mara 150 ni kujisumbua. Mara 35 ziliwaweka wawili hao pamoja ndani ya duara moja la lenzi, na hilo ndilo lililokuwa la kutazamwa. Lenzi dhaifu hapo ilikuwa chaguo la mwenye akili.

Zohali nayo, mtu aliye katika mji wowote wa pwani hii anaweza kuanza kuona umbo lake lisilo duara kwa mara 35, na pete zenyewe kwa mara 50 au zaidi. Galileo mwenyewe mwaka 1610 alidhani ni nyota tatu zilizoshikana, na dunia ilingoja hadi 1659 ndipo Christiaan Huygens alipoeleza kwamba ni pete. Zohali huvumilia kukuzwa, kwa hiyo hewa ikitulia, panda taratibu. Ila jueni kwamba pete hizo huinama na kuinuka. Mwaka 2025 zilitugeuzia ukingo zikawa kama uzi, na sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka mpaka karibu 2032. Anayeziona nyembamba asiilaumu lenzi.

Mshtarii haipendi kukuzwa mno. Rangi za mikanda yake ni hafifu, na ukizitandaza sana zinafifia; hata usiku mzuri, wenye darubini ya milimita 150 wengi hutosheka na mara 150. Zuhura itazame mapema, kabla giza halijashika, maana gizani hung'aa hadi ikaumiza jicho. Ikiwa hilali, mara 40 zinakuonyesha pembe zake. Mirihi ni ndogo, ndiyo inayodai lenzi kali na hewa tulivu kuliko zote, na hutukaribia kila baada ya miezi 26 hivi.

Juu ya Mirihi nina ushuhuda. Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa wote, kupatwa kurefu kuliko kote kwa karne hii, na pembeni yake Mirihi ilikuwa inawaka kama kaa la moto. Ilipofika saa tano na nusu usiku vyote viwili vilikuwa karibu na utosi wetu. Nilikuwa nje na wajukuu. Hewa ilikuwa nzuri, darubini imepoa, lenzi nimezipanda moja baada ya moja, na Mirihi ikabaki duara la rangi ya chungwa lisilo na alama yoyote. Sababu ilikuwa kulekule kwake: dhoruba ya vumbi ilikuwa imeifunika sayari nzima. Darubini haikukosea, hewa haikukosea, wala mtazamaji hakukosea. Wanangu, yapo mambo ambayo hata ukifanya yote sawasawa hayatafunguka usiku huo, na mwenye elimu huandika alichokiona, hajazi pengo kwa alichotamani.

Na Mirihi hiyohiyo imewahi kuwaaibisha wakubwa. Percival Lowell, Mmarekani aliyekuwa na darubini nzuri, alichora mifereji mirefu iliyonyooka juu yake na kuiambia dunia kwamba kuna viumbe waliochimba. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi, mzaliwa wa Istanbul aliyefanya kazi Ufaransa, aliitazama kwa lenzi ya sentimita 83 pale Meudon. Hewa ilipotulia sana, ile mistari ikavunjika ikawa madoa na vivuli vya asili visivyo na mpangilio. Antoniadi ndiye aliyetuachia kipimo cha hewa chenye daraja tano, daraja la kwanza likiwa utulivu kamili na la tano hali ambayo hata kuchora haiwezekani. Nanyi kila mnapotazama, andikeni daftarini tarehe, saa, lenzi mliyotumia, na daraja la hewa. Bila daraja hilo, mchoro wako hauna shahidi.

Sasa ngazi yenyewe ya kupandia. Anza na lenzi dhaifu kila mara, hata kama usiku ni mtulivu. Tazama dakika tano kamili. Kisha weka inayofuata, ujiulize swali moja: je, naona zaidi, au naona kikubwa zaidi tu? Kama kumeongezeka kitu, mkanda mwingine, kivuli cha mwezi juu ya Mshtarii, ufa mweusi ndani ya pete, basi panda tena. Kama kimeongezeka ukubwa pekee na kingo zimelegea, rudi ngazi moja chini, hapo ndipo kiti chako cha usiku huo. Kisha ngoja. Hata usiku wa hewa ya wastani huja sekunde mbili tatu ambapo kila kitu kinatulia kwa pamoja, kama bahari inavyolala kati ya mawimbi. Jicho lililongoja ndilo linalozipata sekunde hizo. Mwenye pupa, wahenga walishasema, hadiriki kula tamu.

Majira nayo myajue. Pwani ya Lindi hupata mvua zake kuanzia karibu Novemba hadi karibu Mei, na katika kaskazi joto na mawingu huwa mengi. Usiku unaofunguka hapo ni wa kudaka. Kipupwe cha Juni hadi Agosti hutupa mbingu safi, ila kusi huwa na nguvu, kwa hiyo nanga ya mchanga isikosekane, na usiku wa manane upepo ukilegea ndiyo saa yenu. Nyakati za tanga mbili, pepo zinapobadilishana, mara nyingi ndizo zenye usiku uliolala. Fungueni daftari kwa kila msimu. Miaka mitatu ya daftari la kijana mmoja wa Kilwa itatueleza kuhusu hewa yetu yale ambayo hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachotueleza.

Vifaa navyo vina haki yake. Umande wa pwani una chumvi. Lenzi ikilowa, usiifute kwa ncha ya kanga. Iache ikauke yenyewe, kisha funika. Hifadhi darubini mahali pakavu, kwa kuwa ukungu unaoota kwenye vioo hauondoki. Usinunue lenzi nyingi: mbili nzuri, moja dhaifu na moja ya wastani, pamoja na miguu imara, zinashinda sanduku la lenzi kumi.

Na hili ni amri, si nasaha: usiielekeze darubini kwenye jua, hata kwa kupepesa. Baadhi ya maboksi huja na kioo cheusi kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, ati cha kutazamia jua. Kioo hicho huweza kupasuka kwa joto jicho likiwa hapo. Kitupeni leo. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kwa umbo la pete, watu waliofika Rujewa, Mbarali, waliona vizuri kwa vikinga-macho maalumu, na wakarudi na macho yao. Tuna wataalamu wetu wa kuwauliza: Dkt. Noorali Jiwaji, aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ametumia miaka mingi kuieleza elimu ya anga kwa wananchi.

Huenda mtaona ninawataka subira nyingi kwa jambo dogo. Mkivuka kwenda Kilwa Kisiwani, simameni kwenye magofu ya Husuni Kubwa mkaitazame bahari. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji ambao utajiri wake umejengwa na watu waliojua kungoja upepo: kaskazi iwalete wageni kutoka Arabuni, kusi iwarudishe. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyeandika juu ya njia ya bahari hadi Sofala, alipima urefu wa nyota kwa vidole, na vidole vilitosha kwa aliyejua kuvitumia. Mababu zetu hawakuwa na chombo kilichoandikwa 525. Walikuwa na jicho lililofunzwa, na adabu ya kuuliza usiku una nini kabla ya kuudai chochote.

Vijana wale watatu nilitoka nao hadi pwani usiku uleule. Tuliketi, tukangoja bomba lipoe, tukaweka lenzi ya milimita 20. Yule mkubwa alitazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ziko nne, babu." Baadaye tukapanda hadi mara 56, mikanda ikajitokeza. Ile ya milimita 4 ilibaki ndani ya boksi.

Basi wanangu, usiku wa leo kabla hujagusa lenzi, toka nje, simama kimya, tazama utosini. Zikitulia, panda. Zikitetemeka, shuka. Na ukishaona, usione peke yako kama nilivyoona mimi: mwite mtoto wa jirani, mpe kigoda, mwache atazame mpaka atosheke.